Jibu: Siku mbili Bagamoyo ukitokea Tabora

Salaam ndugu. Umeuliza namna ya kuigawa safari yako ya kwanza ya Bagamoyo, ukiwa na siku mbili tu na ukitokea Tabora kwa treni ya reli ya kati.

Kwanza hakikisha siku ya kufika Dar es Salaam huipangii matembezi yoyote, kwa maana treni ikichelewa ratiba nzima huvurugika. Lala Dar, kisha asubuhi upande daladala pale Makumbusho. Ni kilomita 75 hivi.

Siku ya kwanza ningeipa Kaole, mji wa kale ulio karibu na Bagamoyo, kabla jua halijawa kali. Yapo magofu ya misikiti ya mawe ya matumbawe, na makaburi yenye nguzo; sogea karibu uone vishimo vya mviringo ambamo vilipachikwa vibakuli vya Kichina. Mtu wa kukuongoza pale ni muhimu, kwa sababu mawe peke yake hayajielezi.

Siku ya pili nenda Misheni ya Roho Mtakatifu, iliyoanzishwa 1868. Hapo ndipo ulipofikishwa mwili wa David Livingstone, mmisionari na mvumbuzi kutoka Uskoti, mwezi Februari 1874, baada ya watumishi wake Chuma, Susi na wenzao kuubeba kwa miguu kupitia Unyanyembe, yaani huko huko kwenu. Kwa hiyo, kabla ya kuondoka Tabora, pita kwenye tembe la Kwihara, nyumba aliyokaa Livingstone, nawe utauelewa mwisho wa njia ile vizuri zaidi. Ngome Kongwe na Boma la Wajerumani unaweza kuviona jioni ukielekea soko la samaki.