Muulize Fundi: Shokapu mpya, mlio uleule

SWALI: Shikamoo fundi. Nina Toyota IST, kila Jumamosi nabeba ndizi kutoka Tengeru hadi soko la Kilombero. Shokapu za nyuma zilikuwa zinavuja mafuta, nikanunua mpya zote mbili, na fundi wa mtaani akazifunga kwa saa moja tu chini ya mwembe. Kwenye lami gari limetulia kabisa. Nikiingia barabara ya vumbi, nyuma kunagonga ko-ko-ko, hasa nikiwa sina mzigo. Je, nimeuziwa feki? – Kijana wa Kwa Mrombo

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usiende kugombana na muuza spea kwanza. Mzigo wa ndizi unabebwa na springi. Kazi ya shokapu ni kuizuia springi isiendelee kudunda ukishavuka shimo. Kama gari limetulia lami, shokapu inafanya kazi. Mimi namshuku aliyeifunga.

Fungua buti, toa plastiki za pembeni. Utaona ncha ya shokapu imetokeza juu ya bati, ina nati, wosha na raba. Raba ni mbili, moja juu ya bati na nyingine chini yake. Shika hiyo ncha kwa vidole, mwenzako alitikise gari juu-chini. Ikicheza, mwizi wako umempata. Shokapu nyingi zinauzwa bila raba, basi fundi anarudishia zile za zamani zilizokwishabanwa zikawa nyembamba kama chapati, au anasahau moja.

Nayajua haya kwa aibu yangu mwenyewe. Mwaka wangu wa kwanza gereji, hapa Unga Limited, nilimfungia mteja shokapu, akaenda Monduli, akarudi jioni analalamika mlio kama wako. Bosi hakusema neno. Aliingiza mkono kwenye mfuko wa ovaroli yangu akatoa raba, bado ina vumbi la gari lile.

Juu kukiwa sawa, tazama bolti ya chini. Ndani ya jicho la shokapu kuna bushi: raba iliyogandishwa kwenye kibomba cha chuma. Mafundi wengi huikaza bolti hiyo gari likiwa hewani, matairi yananing'inia. Ukilishusha, raba inajisokota na kubaki imesokotwa hivyo hivyo, shimo baada ya shimo, mpaka ichanike. Dawa ni kuilegeza, kulishusha gari likae kwa uzito wake, kulitikisa kidogo, ndipo ukaze. Kama bushi imeshachanika, kukaza hakutasaidia.

Ukiamua kufungua mwenyewe, weka mawe kwenye tairi za mbele. Usitegemee hendibreki, inashika tairi za nyuma, na hizo ndizo zitakuwa juu. Gari likae kwenye stendi, si kwenye jeki peke yake. Kisha weka jeki nyingine chini ya ekseli kabla ya kuchomoa bolti. Kwenye IST springi imekaa peke yake, na shokapu ndiyo inayoizuia ekseli isishuke kupita kiasi. Ukichomoa bila jeki, ekseli inaanguka, springi inatoka mahali pake, na mpira wa breki unavutika.

Ukiwa huko chini kagua ile fimbo inayong'aa ya shokapu. Nati ya juu ikizunguka na fimbo, fundi mwenye haraka huibana fimbo kwa plaizi, wakati kichwani mwake pamewekwa mahali pa kushika kwa spana ndogo. Mkwaruzo mmoja tu unaikata sili, mafuta yanaanza kuvuja upya. Ukiona alama za meno ya plaizi, hapo una haki ya kumrudia, na uende na shokapu mkononi.

SWALI: Shokapu yangu ya nyuma imevuja ya kulia tu. Nibadilishe moja? Na wapo wanaonishauri niitoboe, nijaze mafuta na kuichomelea. – Dereva, Usa River

JIBU: Badilisha zote mbili. Upande mmoja ukiwa mgumu na mwingine umechoka, nyuma itayumba kwenye kona na ukifunga breki ghafla. Kuhusu kuchomelea: shokapu nyingi za siku hizi zina gesi yenye mgandamizo humo ndani. Anayekushauri hivyo, mwambie ashike yeye moto.