Muhogo Hupata Wapi Uzito Wake?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mkulima wa mahindi na mihogo. Mwanangu wa darasa la sita amerudi nyumbani akisema kwamba mmea hujitengenezea chakula katika majani kwa hewa na maji. Mimi tangu utotoni naambiwa kwamba mbolea ndiyo chakula cha mimea, na shamba nisilolitia mbolea nimeliona kwa macho yangu likitoa magunzi matupu. Ni nani kati yetu aliye sahihi? – Msomaji, Songea

JIBU: Ndugu msomaji, mwanao yu sahihi, na ulichokiona shambani nacho ni kweli; kilichokosewa ni jina tu. Chakula kinachompa kiumbe nguvu, mmea haukipati ardhini, bali hukiunda wenyewe kwa kazi iitwayo usanisinuru. Maji yaliyopandishwa na mizizi hukutana ndani ya jani na gesi ya kabonidayoksaidi, iliyoingia kupitia vitundu vidogo mno visivyoonekana kwa macho. Kisha klorofili, yaani ile rangi ya kijani, hunasa nguvu ya mwanga wa jua, na kwa nguvu hiyo maji hupasuliwa, oksijeni tunayoivuta ikaachiwa itoke, na haidrojeni iliyobaki ikaunganishwa na ile kabonidayoksaidi kuwa sukari. Sukari hiyo hushuka hadi mizizini, na huko muhogo huigeuza kuwa wanga na kuuweka akiba. Unga unaosongea ugali wa muhogo, basi, karibu wote ulikuwa hewa na maji, ingawa katika kila sehemu 10,000 za hewa gesi hiyo ni kama sehemu 4 tu.

Ushahidi unao shambani kwako. Choma mzigo mzima wa mabua makavu, utabaki na majivu ya kujaza bakuli. Majivu hayo ndiyo madini yaliyotoka ardhini. Kilichopotea na moshi, kwa sehemu kubwa, kilitoka hewani na sasa kimerudi hewani.

Jan Baptista van Helmont, mtaalamu wa Brussels, aliipima habari hii karne ya 17. Alipanda mche wa kilo 2 na ushei katika chombo chenye udongo mkavu wa kilo 90 hivi, akawa anaumwagilia maji tu. Baada ya miaka 5 mti ulifika karibu kilo 77, lakini udongo ulikuwa umepungua gramu 60 hivi. Alihitimisha kwamba mti wote ni maji, kwa kuwa hewa hakuihesabu, na hilo linasikitisha kidogo, maana neno gesi lenyewe tumelirithi kwake.

Sasa, mbolea ina kazi gani? Hizo gramu chache zilizopungua katika udongo, mmea hauwezi kuishi bila ya hizo. Nitrojeni iliyomo katika mbolea ya kukuzia huingia katika klorofili na katika vimeng'enya, yaani vichochezi vya ndani ya mmea, vinavyoiunda sukari, na ikikosekana mmea huiondoa katika majani makuukuu ili kuyapa machanga. Ndiyo maana hindi lenye njaa ya nitrojeni huanza kuwa la manjano kwenye majani ya chini, kuanzia nchani na kufuata uti wa kati wa jani. Jani la namna hiyo linapata jua kama kawaida ila limepungukiwa na vyombo vya kulinasa, na gunzi tupu uliloliona ni matokeo ya majani yaliyoshindwa kazi. Kwa hiyo endelea kutia mbolea au samadi, ukijua kwamba unalihudumia jiko, wala si kwamba unapakua chakula.

Kwa upande wa mihogo, angalia uchumaji wa kisamvu. Kila jani unalochuma ni sukari ambayo haitashuka mizizini, na shina linalochumwa mara kwa mara hutoa mihogo membamba hata pakiwa na rutuba. Chuma machache kwa kila shina, kisha uliache lichipue vizuri kabla ya kulirudia.