Chalii unayeanza gereji, anza na vumbi

Kila kijana anayekuja kujifunza kutengeneza magari ya mbio huniuliza lini ataanza kufungua injini. Mimi humpa kitambaa cheupe. Wengi hununa, na wawili waliwahi kuondoka siku hiyo hiyo.

Fikirieni Sakhir, kule Bahrain. Uwanja umejengwa jangwani, Formula 1 wakakimbia pale mara ya kwanza Aprili 2004. Kokoto za lami zilitoka Bayston Hill, Uingereza, kusudi tairi zishike vizuri, na mchanga wa kandokando ukapuliziwa gundi usipeperuke. Pamoja na yote hayo, upepo ukivuma mchanga unaingia barabarani, na dereva akitoka kwenye mstari uliokwishasafishwa na tairi za wenzake, gari linateleza. Wenye pesa zile bado wanahangaika na mchanga, sembuse sisi wa Unga Limited, hapa Arusha, tunaopeleka magari Monduli wakati wa kiangazi? Vumbi letu limetokana na majivu ya volkano, laini kama unga wa sembe, linapita popote.

Nilivyojifunza mimi ni kwa hasara. Nilikuwa nasafisha chujio la hewa kwa kompresa, napuliza kutoka nje kwenda ndani, kwa nguvu zote. Lilionekana safi kabisa! Kumbe vumbi nalisukumia upande wa injini. Isitoshe, klipu ya mpira unaotoka kwenye chujio kwenda kwenye injini ilikuwa imelegea, sikuigusa. Baada ya mashindano mawili gari likaanza kutoa moshi wa bluu na kula oili. Kufungua, ringi za pistoni zimelika na silinda ina michirizi. Mwenye gari hakunifokea, alikaa kimya tu, na kimya kile nakikumbuka mpaka leo.

Kwa hiyo: chujio la karatasi lipulizwe kutokea ndani, kwa upepo mdogo, na likichoka litupwe. La sponji lioshwe, likauke kabisa, ndipo lipakwe oili yake. Halafu pitisha kile kitambaa ndani ya mpira, baada ya chujio. Kikitoka na vumbi, usiwashe gari, tafuta linapopenyea.

Jambo jingine ni saa. Tangu 2014 mbio za Sakhir hukimbiwa usiku chini ya taa, kwa hiyo mazoezi ya mchana kwenye jua kali hayawasaidii sana mafundi, maana lami ya saa tisa siyo lami ya usiku. Hapa Arusha asubuhi ni baridi, ukijaza tairi upepo saa kumi na mbili ukaona umemaliza, saa saba mchana kipimo kimeshapanda. Andika kwenye daftari umepima saa ngapi. Mafundi wakubwa watakucheka, waache.

Jumatatu njoo na ovaroli yako. Kitambaa ninacho.