Mtoto anabahatisha hesabu za mafumbo? Msikilize anavyokosea

Mkuu mleta uzi, umesema kijana wako wa darasa la tano kujumlisha na kutoa anajua, ila akikutana na fumbo anabahatisha. Usikimbilie twisheni. Mimi hapa Mbagala nililipa miezi mitatu, binti akarudi na daftari limejaa vyema tupu. Kumbe alikuwa ananakili ubaoni.

Kilichonifumbua macho ni swali hili: daladala ilitoka Mbagala saa 1:45 asubuhi, ikafika Kariakoo saa 3:10. Ilitumia muda gani? (Wanaopita Barabara ya Kilwa na foleni yake mnajua hilo si la kutunga.) Akaandika 1:65. Nilitaka kufoka, nikajizuia, nikamwambia anisimulie alivyofanya.

"Kumi toa arobaini na tano haiwezekani, nakopa saa moja."

Sawa.

"Inakuwa mia na kumi."

Hapo! Kutoa kwake hakukuwa na kasoro, ila alikopa saa akaipokea kama mia. Nikamuuliza saa moja ina dakika ngapi, akacheka mwenyewe. 60 na 10 ni 70, toa 45, zinabaki 25. Saa 3 imeshakopwa, imebaki 2, toa 1 ni 1. Jibu: saa 1 na dakika 25. Ningechora kosa jekundu tu, nisingejua alipoteleza.

Tangu siku hiyo kila namba anayoandika namuuliza, "ya nini?" Maandazi 12, kila moja shilingi 200, mama katoa noti ya 5,000, chenji ngapi? Zamani angeandika 5,000 toa 200. Sasa anajiuliza hiyo 200 ni ya andazi moja au ya yote, anapata 2,400 kwanza, halafu chenji 2,600.

Halafu MAGAZIJUTO, ule mpangilio wa kufanya hesabu: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Mpe 20 − 8 + 5. Wengi watakuambia 7, kwa sababu JU imetangulia TO, basi wanajumlisha 8 na 5. Lakini hiyo 8 imeshabeba alama yake ya kutoa. Ukitaka kuanza na kujumlisha, jumlisha 20 na 5, ndipo utoe 8: ni 17. Mimi nimemaliza shule sijui hilo, nimelijua nikimfundisha mtoto.

Maswali mawili kwa jioni yanatosha. Ukirudi umechoka na foleni, ahirisha. Siku niliyomfokea, wiki nzima hakutaka tena kusimulia hatua zake.