Nyumba bila deni: ninunue saruji kila mwezi au niweke fedha?

Swali: Shikamoo kaka. Nina miaka 23, nimeajiriwa kwenye duka la vifaa vya umeme hapa Mtwara mjini, mshahara 350,000. Naishi kwa mama mkubwa, kwa hiyo naweza kuweka 100,000 kila mwezi. Nina pia mikorosho niliyopewa na mama kule Nanyamba, inaniingizia kama 900,000 kwa msimu. Nikifika miaka 35 nataka niwe kwangu, vyumba vitatu, nisidaiwe na mtu. Fundi ananiambia ninunue saruji na nondo kidogo kidogo maana fedha inashuka thamani. Rafiki yangu anasema nikope benki nijenge mara moja. Mjomba ana eneo Naliendele, anasema nijenge pale bure. Nifuate lipi?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Mimi ni mkadiriaji majenzi. Kazi yangu ni kujua nyumba itakula kiasi gani kabla fundi hajashika mwiko. Unachokitaka kinawezekana, na umeanza mapema, jambo ambalo wengi wanaokuja kwangu hawakulifanya.

Tuanze na benki, maana hilo ni jepesi. Chukua mkopo wa milioni 30 kwa riba ya asilimia 15, miaka 15. Marejesho ni takriban 420,000 kila mwezi. Mshahara wako wote haufiki hapo, na mpaka unamaliza utakuwa umelipa zaidi ya milioni 75. Wapo ambao mkopo unawafaa. Kwako wewe, kwa sasa, hapana.

Fundi wako ana hoja nusu. Ni kweli bei ya vifaa inapanda, na fedha iliyolala kwenye simu au kabatini inaliwa. Ila saruji si kitu cha kuwekea akiba. Mfuko ukikaa zaidi ya miezi 3 unaanza kupoteza nguvu, na kwa unyevu wa hewa yetu hii ya pwani hata miezi 3 ni mingi. Ukiufungua ukakuta mabonge yasiyosagika kwa vidole, usijengee. Tena kiwanda cha saruji kipo hapo Msijute. Huna sababu ya kulimbikiza mifuko chumbani kwa mama mkubwa.

Nondo ni hatari zaidi. Pita mitaa mipya ya pembezoni mwa mji uangalie maboma yaliyosimama kwa miaka: nondo za nguzo zimechomoza juu, nyekundu. Zigonge kwa nyundo, kutu inabanduka kwa magamba. Upepo wa bahari una chumvi, na chumvi haisubiri upate fedha ya awamu nyingine. Mwenye boma anadhani ameweka akiba, kumbe anayo chuma inayopungua unene kila mwaka. Na fundi akikushauri mchanga wa ufukweni kwa sababu ni wa karibu, mkatalie kabisa, chumvi ni ile ile.

Tofali ndizo zinazokaa. Zikimwagiwa maji siku 7 vizuri, zinasubiri miaka. Lakini zinataka kiwanja na mtu wa kuziangalia, na zinataka mfyatuaji mwaminifu. Anayekuahidi tofali 50 za inchi 6 kwa mfuko mmoja wa saruji anakuuzia mchanga. Kwa hesabu ya haraka, mita moja ya mraba ya ukuta inakula tofali kama 10. Nyumba yenye kuta za urefu wa jumla wa mita 60 na kimo cha mita 3 ni tofali 1,800, kabla hujatoa milango na madirisha, na bila msingi. Hizo zifyatue miezi michache kabla ya kuanza kupandisha kuta, si leo.

Ninachokushauri ni kuweka fedha kwa hatua, na usianze hatua yoyote kabla hujashika fedha ya kuimaliza. Kwanza kiwanja na karatasi zake. Kisha msingi mpaka jamvi, yaani sakafu ya zege juu ya msingi. Kisha kuta, lenta (mkanda wa zege juu ya milango na madirisha) na paa kwa pamoja. Hizi ndizo nisizotaka uzitenganishe, kwa sababu kuta zisizo na paa zinanyeshewa kwa juu na kila masika inakula kazi uliyokwisha kuilipia. Ukishapaua na kuweka milango, unaweza kuhamia na kumalizia plasta, dari na rangi ukiwa ndani, bila kodi na bila haraka.

Sasa jambo ambalo huku kwetu Kusini watu wengi wanalipita. Minada ya korosho huanza Oktoba, malipo yanaingia kuelekea mwisho wa mwaka, na vikoba vingi navyo vinavunjwa Desemba. Mvua nazo zinaanza wakati huo huo na kuendelea hadi Aprili au Mei. Kwa hiyo mji mzima una fedha kwa pamoja, mafundi wazuri wameshikwa, kila kitu kimepanda, na mitaro ya msingi inajaa maji. Ndipo watu wanapoanza kujenga! Wewe zile 900,000 zipokee, uziweke mahali mpaka Juni. Kuanzia Juni ardhi imekauka, wenye mashamba wako kwenye salfa, dawa ya kupulizia mikorosho, na hawana fedha, na fundi anakusikiliza unapopatana naye. Hiyo miezi ya kusubiri hadi Juni ndiyo inayowashinda wengi, maana katikati yake kuna ada, harusi na ngoma za watoto. Fedha ikibaki kwenye simu haitafika Juni.

Iweke wapi? Ile utakayoihitaji ndani ya mwaka, Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, kampuni ya serikali, unafaa: unanunua vipande, yaani sehemu ndogo za mfuko huo, na ukihitaji fedha unaviuza na kuipata baada ya siku chache za kazi. Ile ya hatua ya mbali, hatifungani za serikali (unaikopesha serikali kwa muda maalumu nayo inakulipa riba) zinazouzwa na Benki Kuu zinaanzia shilingi 1,000,000, na riba inalipwa kila baada ya miezi 6. Angalia tu muda wake uendane na hatua yako.

Umri wako una maana gani kwenye hili? Tuchukue faida ya asilimia 10 kwa mwaka, kwa mfano tu. Ukiweka 100,000 kila mwezi kuanzia leo hadi miaka 35 unafika kama milioni 27.6. Ukisubiri uanze na miaka 28, unafika milioni 12.1. Milioni 6 za miaka 5 ya mwanzo ndizo zilizoleta tofauti ya milioni 15 na nusu. Wewe utakuwa unachota kwa kila hatua, hivyo hutafika kwenye jumla hiyo, ila ndiyo sababu nakuomba usisubiri mshahara uongezeke.

Limebaki la mjomba. Huku kwetu mjomba ana neno, na sina shaka anakupenda. Lakini eneo la ukoo lina wenyewe wengi, na anayekupa leo hatakuwepo siku zote kukutetea. Omba kikao: mjomba, mama yako, na ndugu wazima wanaohusika. Waandike kwamba sehemu fulani, yenye mipaka fulani, umepewa wewe kwa jina lako, wote watie saini mbele ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Baada ya hapo lipia upimaji na ufuatilie hati miliki na kibali cha ujenzi. Gharama hiyo ndiyo hatua yako ya kwanza, na ni ndogo kuliko kununua kiwanja. Wakikubali, jenga Naliendele kwa amani. Wakikuambia karatasi za nini wakati sisi ni ndugu, mshukuru mjomba kwa heshima zote, kisha tafuta kiwanja kilichopimwa kwingine, hata kikiwa kidogo, na ufanye upekuzi ofisi ya ardhi, uhakikishe mmiliki ni nani, kabla hujatoa hata shilingi.