Ukiambiwa mtoto hana damu, uliza: kwa nini?

Mtaani kwetu Mwanza, mtoto akipauka viganja jibu ni lile lile: mpe rozela, matembele na dawa ya damu. Nami nilifanya hivyo kwa mwanangu wa kwanza. Alikuwa na miezi minane, vidole vya mikono na miguu vimevimba, ukimgusa analia. Kwenye duka la dawa nikapewa dawa ya maji ya kuongeza madini ya chuma, nikamnywesha miezi minne. Damu haikupanda, na macho yakazidi kuwa ya manjano.

Alipopimwa selimundu, ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu, ndipo tukajua kuwa anao. Hakukosa chuma. Chembe nyekundu za mtu mwenye afya huishi siku 120 hivi. Zake huvunjika ndani ya wiki mbili au tatu, na chuma chake hubaki mwilini. Watoto hawa wakiongezewa damu mara kwa mara, chuma hujaa kwenye ini na moyo, na mwili hauna njia ya kukitoa. Wapo wanaokosa chuma pia, lakini hilo husemwa na kipimo, si na rangi ya viganja. Mama mwenzangu, usinunue chupa ile kabla ya kuomba kipimo cha selimundu.

Mama mkwe alisema ugonjwa umetoka ukoo wetu. Lawama hiyo niliibeba miaka miwili, na hadi leo naumia nikiona mwanamke mwingine ameibebeshwa. Selimundu hurithiwa kwa baba na mama, wote wawili. Mume wangu na mimi ni AS, yaani tumebeba kinasaba kimoja cha selimundu bila kuugua, na kila mimba yetu ina uwezekano wa moja kwa nne wa kupata mtoto mwenye selimundu. Nendeni mkapime pamoja.

Mdogo wa mwanangu huyo naye ni AS, haumwi. Lakini alipofikisha mwaka na nusu akaanza kula udongo. Kupimwa, damu ni gramu 8 kwa desilita, yaani pungufu. Nilitetemeka. Kumbe huyu alikosa chuma kweli: kutwa uji mtupu wa mahindi na chai ya maziwa, na chai huzuia chuma cha chakula kuingia mwilini. Nikaacha chai kabisa, nikampa dagaa wa kusaga, maini na chungwa, akapewa dawa ya minyoo na ya chuma kwa miezi mitatu. Choo kikiwa cheusi usishtuke. Ila chupa iweke juu sana. Mtoto akiinywa nyingi inaua.

Kaka yake anameza foliki asidi kila siku, penisilini ameendelea nayo hadi miaka mitano, analala kwenye chandarua, na homa ikipanda tunakwenda hospitali usiku huo huo. Nesi alinifundisha kupapasa bandama, chini ya mbavu za kushoto. Ikivimba ghafla, damu yaweza kumwishia kwa saa chache. Naipapasa kila jioni nikimwogesha.