Re: Tairi la nyuma limekwisha kwa kilomita 2,500, la mbele bado zima. Nimeuziwa feki?

Habari mkuu. Sidhani kama ni feki. Tairi la nyuma la baiskeli ya mbio hubeba uzito mwingi zaidi, na nguvu yote ya pedali inapitia hapo. Mimi nina kilo 82. La nyuma hunifikisha 3,000 hadi 4,000, la mbele karibu mara mbili ya hapo.

Kwanza angalia upepo. Tyubu nyembamba hupungua yenyewe hata bila pancha. Niliwahi kukaa wiki tatu bila kugusa pampu, nikala tairi karibu jipya mpaka ubavu ukachanika. Siku hizi najaza kabla ya kila safari.

Halafu pitisha kiganja juu ya tairi. Kama katikati pamekuwa bapa badala ya mviringo, raba inaelekea mwisho. Matairi mengine, kama Continental GP 5000, yana vitundu viwili vidogo vya alama, vikifutika, badilisha. Ukiona nyuzi za ndani ya tairi zimetokeza, usisubiri hata kesho. Chunguza pia raba za breki zisiguse ubavu (fundi wangu aliziacha hivyo mara moja, nikagundua barabarani).

Ukinunua jipya lifunge mbele, la mbele lihamie nyuma. Pancha ya nyuma utaimudu, ya mbele kwenye mteremko inakuangusha.

Kuhusu zile nyufa ulizosema umeziona kwenye tairi, tuma picha. Kwa maneno tu siwezi kukuambia kama ni jua au tairi lilikaa sana dukani.